Fomu ya Mama na Dole Gumba la Baba

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya kosa. Mimi ni karani wa ofisi ya mifugo Mpanda. Mama yangu amelazwa hospitali ya rufaa, mbali na hapa kwa treni, akisubiri upasuaji wa utumbo mwezi ujao, anaongea vizuri na hata hunitania kwamba nimekonda kuliko yeye, ila mishipa ya mikono imekwisha kwa dripu, kila wakichoma inavimba, hivyo daktari anataka kumwekea mpira mwembamba unaopitia shingoni hadi mshipa mkubwa karibu na moyo, mama akaletewa kitandani fomu ya kukubali, nami nikaichukua nimpelekee baba, maana kwetu mwenye mke ndiye husema, lakini baba kakataa, anasema, "Methusela, shingoni anachomwa ng'ombe. Mke wangu ana kwato?" na wazee wenzake wakacheka wakamuunga mkono. Mimi mwenyewe naogopa, kwa sababu daktari hakunificha kwamba mpira huo unaweza kutoboa pafu, kumwaga damu au kuingiza vijidudu. Pedi ya wino iko mezani kwangu, dole gumba ninalo. Niweke kwa niaba ya baba?

M., Nsemulwa

Karani, funika hiyo pedi! Pole kwa hofu, lakini kughushi ni kughushi hata ukifanya kwa mapenzi.

Baba yako mwambie hivi: dawa kali huunguza mishipa midogo, ila kwenye mshipa mkubwa damu ni nyingi, inaichukua bila kuunguza. Hatari alizotaja daktari ni za kweli, na aliyekutajia ni mtu wa kuaminika kuliko ambaye angenyamaza. Ila ile ya vijidudu iko pia mikononi mwenu. Atakayemuuguza asiguse mpira, asilowanishe bandeji, wala asibandike majani ya dawa. Mama akipata homa au kutetemeka, muuguzi aitwe papo hapo, msiogope kufokewa. Na kila siku ulizeni kama mpira bado unahitajika. Kazi ikiisha, utolewe.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia maneno ya daktari, ya baba, ya wazee, hata ng'ombe wamepata nafasi. Mama mwenye shingo yake alisema nini? Ana akili timamu, na fomu ililetwa kwake. Wewe ndiye uliyeiondoa kitandani.

Panda treni ya kwanza, umrudishie. Akikubali au akikataa, dole ni lake.