Filta ya Elfu Themanini

Ndia Kuu, Mombasa
7 Septemba 2025

Kwa Sidi, mke wa mwanangu,

Assalaam alaykum. Nataraji u mzima, Mzamil naye ni mzima, na mjukuu wangu Fadhiya amepona kile kikohozi. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limenuna tangu mvua ya juzi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele, na mumeo Mzamil anajifanya mtandao umekatika. Karatasi hainikatizi.

Picha ya filta ya maji uliyonitumia kwa basi imefika, na bei yake nimeiona. Shilingi elfu themanini! Kwa bei hiyo nilidhani inakuja na mtu wa kuninywesha. Unasema nusu mtatoa nyinyi na nusu nitoe mimi, na ikishafungwa Fadhiya ataruhusiwa kuja likizo ya Disemba. Ataruhusiwa! Kwa bibi yake!

Najua aliugua tumbo hapa mwaka jana, akatundikiwa maji hospitali siku mbili. Tulikaa sote kando ya kitanda. Lakini watoto huugua, Sidi. Maji nanunua kwa Badawi wa mkokoteni, nayamimina kwenye mtungi wa udongo niliopewa siku ya harusi yangu, na kila Ijumaa naufukiza kwa ubani. Miaka arobaini na moja wageni wanakunywa humo na kusifu. Wewe Idd iliyopita ukaja na katoni ya maji ya chupa, ukaiweka sebuleni mbele ya mawifi zako, mtoto akanywa chupa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Filta siitaki. Mjukuu namtaka.

Mavyaa wako,
Mwanakuu


Nairobi
18 Septemba 2025

Mama, shikamoo.

Sote tu wazima, alhamdulillahi. Kikohozi kimekwisha. Fadhiya ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka uyaone mapengo kabla hayajazibika. Pole kwa goti.

Ile katoni, nisamehe. Niliogopa nikasahau adabu.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Kwetu Kaloleni tulikunywa maji ya lambo, pamoja na ng'ombe. Nilikuwa na ndugu mdogo, Kaingu, wa miaka minne. Tumbo lilimshika Jumatatu, Jumatano tukamzika. Maji yale niliyateka mimi, nikiwa na miaka tisa. Fadhiya alipolala pale hospitali midomo imemkauka, nilimwona Kaingu. Wala sikufikiria kwamba nyumba yako ni chafu. Nilifikiria kaburi.

Elfu themanini ni nyingi, hata mimi zinanitisha, na sina hakika kama hiyo filta itatufaa. Usinunue kitu kwa neno langu. Nakuomba uyapeleke maji maabara yakapimwe kwanza. Yakiwa safi, nitamleta mtoto mwenyewe, na nitakuomba radhi mbele ya mawifi hao hao.

Mkaza mwanao,
Sidi


Ndia Kuu
26 Oktoba 2025

Sidi mwanangu,

Marahaba, na samahani imechelewa. Natumai mko salama na mapengo bado yapo. Goti limepoa. Roho ndiyo haijatulia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mola amrehemu Kaingu. Miaka minane u mke wa mwanangu, na sikuwahi kukuuliza mlizaliwa wangapi. Naona haya.

Kesho yake nilikwenda Makadara kuiona hiyo filta. Muuzaji anaitwa Griffins, mtu wa adabu, akanifungulia mpaka matumbo yake. Inatoa hata chumvi ya kisima, ila kwa kila jerikeni moja safi humwaga mbili. Nikamwuliza, "Nawe kwako unayo hii?" Akacheka. "Mama, mimi kwangu nachemsha tu." Nilimpenda, lakini sikununua.

Kisha nikaenda maabara na chupa mbili. Moja niliijaza kutoka jerikeni ya Badawi kabla sijaimimina, ya pili kutoka mtungini. Majibu yalitoka tarehe sita. Maji ya Badawi yalikuwa na kasoro ndogo, ya kuchemsha ikaisha. Ya mtungi wangu yalikuwa na vijidudu vya choo.

Mpimaji akaniuliza tunayatoaje. Nikamwambia kwa kata, kila ajaye anachovya. Na mkono unaingia? Unaingia. Na mtungi unausugua lini? Nikasema naufukiza kila Ijumaa. Akaniambia polepole, kama mtu anayezungumza na mamake, "Bibi, moshi unatia harufu. Hauoshi."

Basi ni mimi, Sidi. Na hiyo filta hata ningeinunua, maji yake ningeyamimina mtungini humo humo, maana maji yasiyonukia ubani siyahesabu kuwa maji. Karibu wiki tatu kalamu naishika naiweka. Kwa sababu liko lingine. Mtoto alipougua, niliwaambia mawifi zako wote kwamba ni wewe uliyemlisha kitu kibaya njiani. Niliwaambia na majirani.

Sasa filta naitaka. Nitaliuza kabati langu la mvule na nitatoa bei yote mwenyewe. Niachie nilipe.

Mwanakuu


Nairobi
3 Novemba 2025

Mama yangu, shikamoo.

Sisi hatujambo. Barua yako niliisomea jikoni, nikakaa chini nikalia, mpaka Mzamil akadhani amefiwa. Ikabidi nimwonyeshe mwandiko wako ndipo akapumua.

Hayo maneno ya njiani niliyasikia zamani, wifi mmoja aliniambia. Yaliniuma sana. Leo umeyasema mwenyewe bila kulazimishwa, na mimi nimeyasamehe. Kuhusu mtungi, wewe ulikuwa na kata na mimi nilikuwa na ndoo, na hakuna kati yetu aliyejua. Hilo limenitua mzigo niliokuwa nao tangu utoto.

Kabati usiliuze. Nimekaa na Mzamil tukaifikiria tena filta, na kwako haina faida ya bei hiyo. Maji ya Badawi hayana chumvi ya kutolewa, na vijidudu vinauawa na moto. Utakuwa unamlipa Badawi jerikeni tatu upate moja. Tafuta ndoo yenye kifuniko na bomba, chemsha maji, na ndoo ioshwe kwa sabuni. Mtu asichovye kitu. Na mtungi wako tafadhali usiuvunje.

Mwanao,
Sidi


Ndia Kuu
23 Novemba 2025

Sidi mwanangu,

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na sababu yake hii hapa.

Nimewazungukia mawifi zako mmoja mmoja, ngazi zao zote na goti hili, nikawaambia ukweli. Na majirani pia. Mmoja alitaka kucheka, nikamtazama akaacha.

Ndoo imekaa mahali pa mtungi. Sura yake ni ya jikoni kambini, lakini nimeizoea. Nachemsha kila alfajiri, na ubani sasa nafukiza chumba. Nimerudi maabara, majibu nimeyatia humu bahasha, soma mwenyewe. Mtungi nimeutia udongo nikapanda asumini, umetoa majani manne.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue.

Mama yako,
Mwanakuu


Nairobi
4 Disemba 2025

Mama, shikamoo.

Tu wazima sote, na wewe nakuombea hivyo. Majibu ya maabara nimeyabandika ukutani. Fadhiya anadhani ni cheti chako cha shule na anawaambia wenzake bibi yake amepasi.

Jumamosi ya tarehe 13 Mzamil atamleta. Yeye atarudi kazini Jumatatu, nami likizo sikupata, kwa hiyo mtoto atabaki nawe peke yake mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Nililala nikiliwazia hilo, na niliamka nikiwa na amani.

Begi nimelifunga tayari. Mna nguo, mswaki, na picha aliyokuchorea ya mtungi wenye maua. Katoni hakuna. Nimemtilia chupa moja ndogo ya njiani, ambayo nadhani itakwisha kabla ya Voi.

Akifika, mjazie wewe.

Mwanao,
Sidi