Masika wa Tatu Hakushuka Nasi

Bwera, Jumamosi jioni, Julai 2016

Jua la leo lilikuwa la kivivu, na milima imejifunika ukungu tangu asubuhi. Nimekaa kibarazani, nywele bado zina maji ya mlimani, masikio yananguruma utadhani niko kule kule chini ya maporomoko. Mwili wote mwepesi. Ningependa niandike hayo tu, nikalale. Lakini kuna jambo nimelifanya, shajara, na nisipolisema hapa sitalisema popote.

Nilimsahau mtu mlimani.

Mimi ndiye katibu wa kwaya ya vijana, na wanaonijua wanajua ninavyopenda kupanga watu: nani abebe sufuria, nani abebe samaki wa Kasenyi, nani asiisogelee sufuria kabisa. Masika, huyo niliyemsahau, hakutaka kuja kwenye matembezi haya. Alivuka mpaka kutoka Beni, Kongo, mwaka jana, anaishi Mpondwe kwa mama yake mdogo anayeuza vitenge sokoni. Sauti yake ndiyo inayotubeba sote kanisani, ila akimaliza kuimba hasemi neno. Nilikwenda mwenyewe kumwombea ruhusa. Mama mdogo alinitazama sana.

"Ile siku ya kukimbia vita, lori ilimuacha," akaniambia. "Alitembea siku mbili, yeye peke. Utanirudishia yeye?"

Nikasema nitamrudisha kwa mkono wangu.

Tulipanda kwa miguu kupitia mashamba ya kahawa, tukayasikia maji muda mrefu kabla ya kuyaona. Sijui niyaeleze vipi. Yanaanguka meupe kutoka juu, yanatua kwenye kidimbwi cha kijani, baridi ya kukata pumzi, na hewa yote imejaa manyunyu mpaka humwoni vizuri mwenzako. Watu walipiga kelele kidogo, kisha wakavua viatu, wakaingia. Masika aliingia na kitenge chake, akalala chali juu ya maji, macho ameyafumba. Sikuwahi kuuona uso wake umetulia vile. Nilimwonea wivu, kwa kweli. Mimi sikuingia, nilikuwa nalinda viatu vya watu.

Saa zikapita hivi hivi. Tulikula bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki, tukaimba, wengine wakasinzia juu ya mawe yenye joto. Ukungu uliposhuka nikatoa daftari, nikaita majina haraka haraka. Kwetu Wakonzo binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, kama mimi, na ndugu zetu wa upande wa Kongo pia binti yao wa kwanza ni Masika. Kwaya yetu ina Masika watatu. Niliita "Masika" mara tatu, na mara tatu sauti ikajibu "Niko!" kutoka kwenye ukungu. Kumbe Masika wa Muhokya alidhani sijamsikia, akaitika tena. Nikatia alama zangu tatu, tukashuka.

Tulipofika kwenye gari tuliloliacha chini barabarani, mtu akaanzisha wimbo. Tukaimba mstari mzima, na ile sauti haikutokea.

Nilipanda mlima ule mbio, huku nikilia. Nilimkuta ameketi nyuma ya jiwe kubwa, mikono magotini. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Hukusikia tukiita?" nikamuuliza, mjinga mimi.

"Nilisikia. Muliita jina yangu, mutu akaitika. Nikawaza, basi, mimi nimekwisha kwenda."

Niliomba msamaha, nikarudia, nikarudia tena, mpaka akanishika mkono. "Weye haukuingia mu maji," akasema. "Kuya."

Nikaingia na nguo zangu zote, na watu wananingoja kule chini. Alinishika kichwa kwa chini nisizame. Maji yakaziba masikio, juu kukawa weupe mtupu, na kwa dakika chache sikuwa katibu wa mtu yeyote. Ningeweza kukaa pale hadi sasa.

Jioni mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. "Mumerudi bote?"

Nilifungua kinywa. Masika akanitangulia: "Bote, mama mudogo."

Mama akanishukuru, akanibariki, akanifungia maandazi kwenye gazeti. Nikayapokea. Moja nimelila njiani.

Aibu gani hii.

Kesho baada ya misa nitakwenda Mpondwe kumwambia ukweli. Naogopa. Huenda asimruhusu tena kuimba nasi, na sijui nitawaeleza nini wenzangu. Lakini leo Masika alinifichia kosa langu mimi niliyemwacha. Nikinyamaza, atabaki nalo peke yake, na hapo nitakuwa nimemwacha mara ya pili.