Mashine ya Kukanda Unga Angani

3 Februari

Mama,
Shikamoo. U mzima? Mimi sijambo, ni kazi tu. Ile mashine ya jikoni ya chombo cha angani nimeimaliza. Inamenya, inakanda, inaoka, inaosha. Wasafiri wanne kazi yao ni kubonyeza kitufe tu, miaka yote mitatu ya safari. Nikikumbuka unavyoinamia beseni la unga hapo jikoni mwa hospitali, nakuonea huruma.
Mwanao

19 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Sijambo, mgongo ndio wa kuuliza. Huruma yako iweke akiba. Na kutafuna je, mmewaachia wenyewe? Watu wazima wanne wamefungiwa miaka mitatu, mkawanyang'anya hata kitunguu cha kukata! Wanasema elimu haina mwisho. Yako imeishia mlangoni mwa jikoni.
Mama yako

8 Juni

Mama,
Shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Huku mambo yameharibika. Wasafiri wanne tuliowafungia kwenye chumba cha majaribio wamesusa chakula. Sahani zinarudi zimejaa, kila mtu amejitenga kwenye kona yake, wamekonda. Na chakula walichagua wenyewe! Nimepewa mwezi mmoja. Nikishindwa, natolewa kwenye mradi. Usinicheke.
Mwanao

15 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Nimecheka, tena nimekaa chini nikacheka vizuri. Sasa sikiliza. Mgonjwa akikataa chakula changu, simbembelezi. Nampelekea bakuli la maharage mabichi kitandani, namwambia anisaidie kuambua, jiko limenielemea. Akifika nusu ya bakuli anauliza yataiva saa ngapi. Miaka ishirini na sita, hajanishinda hata mmoja. Ng'oa hicho chuma kinachokanda. Wape unga kwenye mfuko uliofungwa, usije ukapeperuka, waukande kwa zamu. Hilo nalo linataka digrii?
Mama yako

2 Oktoba

Mama,
Shikamoo. Samahani kwa kimya, nilibanwa. Wanakula! Wanagombania hata zamu ya kukanda. Nimepandishwa cheo. Nakutumia kipande cha gazeti, ukibandike ukutani.
Mwanao

20 Oktoba

Mwanangu,
Marahaba. Kipande kimefika. Mwenzangu wa zamu alikisoma kwa sauti jikoni, kwamba wazo la mfuko lilikujia mwenyewe, ukiwa unaoga. Wapishi wote wakainamia masufuria yao, maana barua yako ya Juni niliwasomea, na jibu langu tulilitunga pamoja. Niliona aibu, na aibu yenyewe si yangu.
Sikukibandika. Nimekudharau, mwanangu, na sikujua kama mzazi anaweza.
Bado mama yako