Karavani ya Shemeji Lavonne

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Lavonne kapiga simu asubuhi, nikiwa kwenye kahawa. Anataka karavani, ile nyumba ya magurudumu. Na pikapu ya kuivuta! Anataka kuondoka kabla theluji haijaanguka, akakae Arizona kwa dada yake hadi Aprili, kama wafanyavyo wote huku waliochoka na baridi. Nilidhani mambo hayo ameyaacha. Ni miaka miwili tangu mdogo wangu Gaylen, mumewe, afie barabarani akivuta karavani yao.

"Shemeji, wewe ndiye unayevijua hivi vitu," akasema. "Gaylen alikuwa hasikii la mtu ila lako."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Kahawa ikapoa mezani.

Jumatano, 4 Oktoba

Tumekwenda mjini Minot, kwenye yadi ya magari. Lavonne kavaa koti la Gaylen, mikono ameikunja mara mbili. Sikulitazama sana.

Muuzaji ni Trudy Hauck, mama wa makamo, sauti ya kuita ng'ombe. Lavonne kachagua karavani ya futi ishirini na tano, kitanda upande mmoja, jiko katikati. Halafu kaipenda pikapu nyekundu, viti vya ngozi. Tangazo kwenye kioo: inavuta ratili elfu kumi na moja. Karavani haifiki elfu saba hata ikijazwa. Basi imetosha na kusaza, Lavonne akasema.

Trudy kafungua mlango wa dereva, akamwonyesha kibandiko pembeni ya kiti.

"Tangazo ni la kukufurahisha, mama. Ukweli uko hapa. Pikapu yenyewe inabeba elfu moja na mia moja, basi. Mkono wa karavani unaoegemea nyuma ya pikapu utakula mia nane. Inabaki mia tatu. Uingie wewe, mbwa, na masanduku."

"Mbwa wangu ana ratili themanini."

"Na wewe je?"

"Hilo hata marehemu sikuwahi kumwambia."

Wakacheka. Nami nikacheka — halafu nikamsikia. Wazi kabisa, nyuma ya bega langu. *Orrin, imekaa sawa sasa?* Sauti ya Gaylen! Nikageuka. Karavani tu, nyeupe, mstari mzima, milango imefungwa. Trudy akaniuliza kama nahitaji kukaa kidogo. Nikasema ni goti.

Ijumaa, 6 Oktoba

Wacha niandike. Hakuna atakayesoma.

Ilikuwa uani kwao, Oktoba kama sasa, Lavonne hayupo. Gaylen amefunga karavani kwenye pikapu, pikapu ikazama nyuma, pua ikatazama juu. Nikamcheka. Nikamwambia wazee wa pale kituo cha mafuta wakikuona watauliza unakwenda Arizona au mbinguni. Huku kwetu mwanamume atavumilia jino bovu mwaka mzima, lakini si kuchekewa gari lake. Nikamwambia peleka mizigo nyuma ya karavani, pikapu itanyanyuka.

Alisita. Akasema kitabu kinasema uzito ukae mbele. Nikasema aliyeandika kitabu hajawahi kuvuta trela ya ngano.

Jenereta niliibeba mimi. Maboksi ya nyama iliyogandishwa, mimi. Sanduku la vyuma, mimi na yeye. Pikapu ikanyanyuka. Akasimama mbali kidogo, mikono kiunoni. "Orrin, imekaa sawa sasa?" Nikamwinulia kidole gumba.

Lavonne angemfuata kwa ndege wiki iliyofuata. Kesho yake mchana, kwenye mteremko wa Wyoming, karavani ikaanza kuyumba. Ikamshinda. Ikamgeuza na pikapu yake yote.

Polisi waliandika upepo. Kanisani watu wakasema upepo. Nilibeba jeneza upande wa kulia, mbele, na nikasema upepo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Upepo leo. Mlango wa ghala unagonga. Nimeufunga kwa waya, bado unagonga.

Jumatatu, 9 Oktoba

Minot tena. Trudy katutafutia pikapu ya kijivu, ya kazi nzito, ina miaka sita, viti vya kitambaa. Kibandiko: karibu elfu tatu. Lavonne kanitazama mimi kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanunua zote mbili, pikapu na karavani. Hilo nimelifanya vizuri. Nataka iandikwe kwamba hilo nimelifanya vizuri.

Wakati karatasi zinachapwa, Trudy akamwuliza kama amewahi kupakia mwenyewe. Hapana, hilo lilikuwa la wanaume. Trudy akachukua kigari cha mjukuu wake, cha kuchezea, kina trela. Akaweka nati nzito mbele ya trela, akakiachia kwenye ubao ulioinama. Kikashuka moja kwa moja. Akaihamishia nati nyuma. Kikashuka kidogo, trela ikaanza kupiga mkia, kulia, kushoto, ikazidi — chali!

"Ndiyo hivyo tu," Trudy akasema. "Watu wanaona pikapu imezama, wanasukuma mizigo nyuma ili ipendeze. Wanazikwa wakiwa wamependeza."

Hakujua anaongea na nani.

Tumefika nusu ya njia kurudi. Alizeti zimekauka pande zote, vichwa chini. Kisha Lavonne akaniuliza: kwenye picha za polisi mizigo yote ilikuwa nyuma, Gaylen alilijua hili? La uzito kukaa mbele?

Nikasema, "Alijua."

Ulimi hauna mfupa. Na si uongo, ndiyo ubaya wake. Alijua.

Jumanne, 10 Oktoba

Kapiga simu saa mbili asubuhi. Hakulala. Amelivua lile koti, amelipeleka kwenye kapu la misaada kanisani.

"Miaka miwili naugombeza upepo, Orrin. Nikisikia unavuma natoka nje nautukana kama kichaa. Kumbe ni yeye! Alijua, na akafanya hivyo hivyo. Na mimi angetaka niwe nimekaa mle ndani siku nyingine."

Kamwambia na binti yao. Binti kalia, kisha kakasirika zaidi ya mama yake. Jumapili nisiwangoje kaburini kwake, hawaji.

Nilishika simu mpaka ikaanza kulia tiii. Nilikuwa na nafasi. Sentensi moja tu.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimepiga namba yake mara tatu. Nimekata mara tatu.

Marehemu hawezi kujitetea. Huyu wangu alikuwa na shahidi mmoja tu duniani, na shahidi huyo ndiye aliyemtia hatiani. Mwaka wa kwanza nilidhani ananifuata ili anilipize. Leo sidhani. Nadhani anangoja nimjibu tu.

Sijala. Naogopa. Sina ndugu mwingine, na nikisema sitakuwa na Lavonne wala binti yule aniitaye baba mkubwa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Saa mbili na robo asubuhi. Amekuja. Pikapu ya kijivu, karavani nyuma, vyote uani kwangu, kwa sababu kwangu kuna saruji na kwake ni matope. Mizigo yote ameishusha chini, kando ya ukuta. Vyombo, mablanketi, maji, jenereta mpya.

Nilitoka hadi ngazini. Kasogea, kanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Panga wewe, shemeji," akasema. "Mimi nitakupa tu vitu. Ningekuwa nimemsikiliza Mungu ningemwambia Gaylen siku ile, acha Orrin akupakilie, kaka yako ana akili."

Nikamwambia ngoja nivae viatu.

Namwona dirishani. Amekalia boksi, mbwa miguuni, anatazama mlango wangu. Sasa ananipungia.

Viatu nimevaa tangu alfajiri.