Mlinzi wa Lango

Anderlecht, 6 Julai 1997

Mdogo wangu Séraphin,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mke wangu Mujinga anachoka, tumbo limekuwa zito. Na wewe, kazi ya jikoni huko Namur inaendaje?

Bado najivunia tulivyosimama pamoja sisi watano tulipoitwa kuigiza kwenye ule mchezo wa ngome. Kuigiza askari wa ngome iliyozingirwa, sawa. Lakini yule bwana wa mchezo kudai kwamba msaliti anayewafungulia maadui lango lazima awe mmoja wetu weusi! Tulikutuma umwambie: wote watano askari, au haji mtu. Ukarudi na habari kwamba mchezo umefutwa. Bon, haya, na ufutwe!

Mtoto akiwa mvulana, atachukua jina lako.

Mkubwa wako,
Bertin

Namur, 15 Julai

Yaya Bertin, kaka yangu mkubwa,

Jambo sana. Niko salama, namshukuru Mungu. Kazi ni nyingi hata Jumapili, kwa hiyo msijisumbue kuja. Kuhusu jina, hiyo ni heshima kubwa kuliko ninavyostahili. Msalimie Mujinga.

Mdogo wako,
Séraphin

Anderlecht, 28 Julai

Séraphin,

Sisi wazima. Hali yako siulizi, nimeiona.

Jana parokia ilipeleka watoto kwenye ngome. Mchezo ule ule uliosema umefutwa! Ngazi ukutani, mishale, mfalme jirani anagonga lango bure. Kisha ukatoka wewe na ufunguo. Watu wakazomea. Binti yangu Darlène akasimama: "Papa, ni tonton Séraphin! Juu ya nini banamuzomea?" Nilimshika mkono tukatoka, asiendelee kuuliza kwa nini watu wanamzomea baba yake mdogo.

Ulituuza sisi wanne, na jioni ile ile uliyotuletea habari ya uongo ukaja kula bugali kwangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Bertin

Namur, 5 Agosti

Yaya,

Nawaombea afya. Nisamehe, kazi ya jikoni ilikuwa uongo. Yule bwana aliniambia nikikubali peke yangu atanipa mkataba wa mwaka, na mkataba unaleta makaratasi ya kuishi hapa. Nyinyi mnayo. Mimi nimeandikiwa kuondoka nchini. Niliogopa mngenizuia. Nitukane utakavyo, ila jina usininyang'anye.

Mdogo wako,
Séraphin

Anderlecht, 20 Agosti

Séraphin,

Mujinga amejifungua mvulana, wote wazima.

Ungeniambia wanakufukuza, mimi mwenyewe ningekusindikiza hadi kwenye lango lile, na wenzetu wangepiga makofi. Ulitudhania vibaya, ndicho kinachoniuma.

Jumapili tulimbatiza. Padri alipouliza jina, Mujinga alinitazama. Jina lako sikulitaja.

Anaitwa Noé.

Bertin