Mahali pa Kula Mchana Bologna

Monteaspro, 5 Novemba 1972

Mwanangu mpendwa Nives,

Natanguliza salamu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho siku ya Watakatifu Wote kimekwisha. Mimi kwa upande wangu sijambo, isipokuwa goti, ambalo lina desturi ya kutangaza theluji kabla ya redio.

Nimelisoma ombi lako kwa makini nami nalijibu kwa utaratibu unaostahili. Unanitaka niihame nyumba hii kabla ya baridi kali, nije kuishi nawe Bologna, kwa sababu mwaka jana niliteleza kwenye barafu mlangoni, na kwa sababu shemeji yangu Argia, ambaye tangu mama yako afariki amekuwa akiniwekea sahani mezani kwake kila mchana, anahamia Genova kwa mwanawe. Sababu zote mbili ni za kweli. Mimi nimetengeneza barabara za serikali maisha yangu yote, na majirani nimewaandikia maombi yao kwa mkuu wa mkoa bila hata moja kurudishwa kwa kasoro ya maneno; kwa hiyo hoja ikiwa nzuri, naitambua.

Hata hivyo liko jambo ambalo hukuligusa. Wewe unashinda kiwandani hadi jioni. Mimi hula saa sita mchana, nimeketi, mezani. Kupika najua sima ya mahindi na kukaanga soseji, basi. Naomba unijulishe bayana: katika jiji hilo, mtu kama mimi atakula wapi chakula chake cha mchana? Jibu lako ndilo litakaloamua kama nitahama au nitabaki.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Ildebrando


Bologna, 12 Novemba 1972

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, asante. Goti lipake mafuta ya kafuri na ulifunge kwa sufu, usilitegemee kwa utabiri peke yake.

Niliisoma barua yako kiwandani wakati wa mapumziko, na wenzangu walicheka hadi msimamizi akaja kuuliza kulikoni. Mtu anauliza atakula wapi Bologna! Mmoja akasema, “Mwambie mzee wako aje tu. Kazi itakuwa kumtoa mezani.”

Upo mkahawa mkubwa kando ya uwanja, wenye vitambaa vyeupe, ambao mabosi wetu huwapeleka wageni. Na hapa chini ya ghorofa yangu yupo Bi Cleofe na mgahawa wake mdogo. Unga wa tambi pana anaukanda na kuusukuma mwenyewe, na mchuzi wake wa nyama uko motoni tangu alfajiri. Ukitoka kitandani unaisikia harufu yake.

Njoo Desemba ukae wiki moja, ujaribu kwa kinywa chako. Ukishindwa kupata mahali, nami sitakusumbua tena.

Binti yako,
Nives


Monteaspro, 20 Desemba 1972

Mwanangu mpendwa Nives,

Nakusalimu sana, na nakuarifu kwamba nimefika salama. Basi lilikwama mara moja tu. Argia anakusalimu, yumo katika kufunga vyombo vyake.

Nakushukuru kwa ukarimu wako wa wiki nzima, na sasa nawasilisha tathmini yangu.

Kuhusu mkahawa wa uwanjani: waliniletea tortellini zikiogelea katika malai. Vifuko vile vya unga na nyama huliwa ndani ya supu safi ya kuku, na jambo hilo halikuhitaji kuandikwa popote kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shaka nalo. Nilimwuliza mhudumu kwa adabu kama jikoni kuna mgonjwa, maana kwetu malai hupewa mtu anayeinuka kitandani. Akanijibu, “Ndiyo mtindo wa sasa, mzee.” Kisha akaiondoa sahani kabla sijaipangusa kwa mkate. Pale sirudi.

Kuhusu Bi Cleofe: sina kasoro. Tambi zake ni za mtu anayemcha Mungu, na mchuzi wake unaweza kuwekwa karibu na wa marehemu mama yako, jambo ambalo sijapata kulisema kuhusu mtu mwingine yeyote. Lakini siku ulipokuwa kazini nilishuka peke yangu. Akaniuliza kama niko peke yangu, nikasema naam, akanipa meza ndogo iliyo kati ya ukuta na mahali wateja wanapotundika makoti. Hakukosea; meza kubwa ni za wenye watu wao. Nilikula vizuri sana, nikitazamana na mkono wa koti. Kesho yake pia, na koti lilikuwa jingine.

Kwa kuzingatia hayo, naona kwamba ombi lako, ingawa limetolewa kwa nia njema, haliwezi kukubaliwa.

Baba yako,
Ildebrando


Bologna, 28 Desemba 1972

Baba,

Shikamoo. Heri ya Noeli na ya mwaka unaokuja.

Nimesoma. Chakula ni kizuri ila meza iko ukutani. Ningekutafutia meza ya katikati, ungesema ina upepo. Kama hutaki kuja, sema hutaki, kwa neno moja, usiniandikie kama mkuu wa mkoa. Hapa theluji ikianguka, nasimama mbele ya mashine nikiwaza ule mlango wako na barafu yake, na Argia hatakuwepo tena wa kusikia mtu akianguka.

Nilisema sitakusumbua. Sikusumbui.

Nives


Monteaspro, 18 Februari 1973

Mwanangu mpendwa Nives,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu, ambacho naomba usikihesabu kuwa hasira. Je, hujambo? Kikohozi hakijarudi?

Argia aliondoka baada ya sikukuu ya Mamajusi. Aliniachia sufuria mbili na maelekezo mengi. Mwanzoni nilitandika meza kama kawaida. Sasa nakula nimesimama karibu na jiko, kwa kuwa huko ndiko kwenye joto na kwa kuwa hakuna wa kuniuliza kwa nini. Juzi niliona sahani ni tupu nami sikumbuki nilikuwa nimekula nini. Hilo lilinishtua kuliko kuanguka.

Kwa hiyo, kwa heshima, naomba ombi lako lifunguliwe upya, na niruhusiwe kuja tena kwa majaribio, kwa muda utakaouona unafaa.

Baba yako,
Ildebrando


Bologna, 24 Februari 1973

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi hadi nikakaa chini.

Njoo. Ila ujue kwamba kiwanda kinanituma Torino kwa majuma kadhaa kufunga mashine mpya, kwa hiyo hutanikuta. Ufunguo uko kwa Bi Cleofe, kitanda nimetandika. Safari hii sikuchagulii mahali. Jiji ni lako, tembea.

Mimi bintiyo,
Nives


Bologna, 15 Machi 1973

Mwanangu mpendwa Nives,

Nakusalimu kutoka mezani pako mwenyewe. Goti limetulia, chini ya haya matao yenu mtu anatembea jiji zima asinyeshewe. Natumaini Torino wanakulaza pazuri.

Naandika kukuarifu juu ya tukio. Jumatatu ya juma lililopita, saa sita, nilikuwa natembea nikimkwepa Bi Cleofe na makoti yake, nikapita mbele ya mlango usio na kibao. Ndani watu walikuwa wanakula kwa kelele kwenye meza ndefu. Nikaingia, nikaketi mwisho wa benchi. Mwenye nyumba akaniuliza kama nataka mvinyo mweupe au mwekundu. Nikasema mwekundu, na leo kumepikwa nini.

“Hapa hakupikwi,” akasema.

Nikamwonyesha watu wote wanaotafuna. Akasema, “Wamekuja nacho. Wewe umekuja na nini?”

Nilidhani ananidhihaki kwa sababu ya matamshi yangu ya mlimani. Nikaamua kutoondoka mpaka nihudumiwe. Nilifunga leso shingoni ili nia yangu ieleweke, nikakaa wima. Nilikaa hivyo muda wa kutosha kwa benchi zima kugeuka kunitazama, mmoja mmoja. Ndipo kinyozi mstaafu aitwaye Dalmazio akasema, “Mzee wangu, ukingoja sahani humu, tutakuzika na hiyo leso.”

Walicheka sana, nami nilikuwa nimekwisha kuinuka, lakini mama mmoja mjane, Bi Ebe, alisukuma mbele yangu mkate na mortadella, ile soseji nene ya Bologna, ndani ya karatasi yake. “Keti ule,” akasema. “Na kesho ulete cha kwenu, tuone huko juu mnaishi kwa kula nini.”

Hivyo ndivyo kulivyo, mwanangu. Nyumba inauza mvinyo peke yake. Chakula kila mtu huja nacho, hukifungua katikati ya meza, na jirani haombi ruhusa ya kuonja.

Kesho yake nilikwenda na sima ya kukaanga na soseji. Dalmazio aliigonga sima kwa kisu, akauliza kama ni chakula au ukingo wa barabara. Nikamjibu kwamba kingo zangu zimekaa tangu vita, wakati vichwa alivyonyoa yeye vimeota upya vyote. Walikula hadi mafuta ya karatasini. Ijumaa, kwa ajili ya Kwaresima, nilileta chewa wa kukausha. Dalmazio, kwa ajili ya chama chake cha kikomunisti kisichojua mfungo, alileta salami, soseji kavu ya nyama, akaila akinitazama.

Jana nilichelewa kwa sababu ya posta. Bi Ebe alinifokea kabla sijaufunga mlango: “Ulikuwa wapi? Tumekungoja mpaka mkate umekauka.”

Nilivua kofia. Nikaketi.

Baba yako,
Ildebrando


Torino, 23 Machi 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mashine nazo zinaelekea kuwa nzima. Barua yako nimewasomea mafundi wote, na sasa wanamtaka Dalmazio awanyoe.

Lakini umesahau hukumu. Unabaki au hubaki? Sitaki kuisoma, nataka unitazame ukiisema. Nafika Jumamosi tarehe 31, treni ya saa sita kasoro robo. Nipokee stesheni, twende kwa Bi Cleofe, tudai meza kubwa, mimi na wewe.

Binti yako,
Nives


Bologna, 28 Machi 1973

Mwanangu mpendwa Nives,

Nimefurahi kusikia kwamba u mzima na unarudi. Hata hivyo nasikitika kukuarifu kwamba sitaweza kufika stesheni kwa saa uliyoitaja. Jumamosi ni zamu yangu ya supu. Bi Ebe ameketi siku mbili akikunja tortellini, na kuku wawili nimekabidhiwa mimi, kwa masharti kwamba supu ifike mezani ikiwa ya moto na bila tone hata moja la mafuta yasiyotakiwa. Supu haiwezi kungojea treni.

Kuhusu hukumu: dada yake Dalmazio ana chumba katika mtaa huo huo wa nyumba ya mvinyo, chini kabisa, bila ngazi. Nimekwenda kukiona, nimekichukua kuanzia Mei. Agosti, joto likizidi, tutapanda Monteaspro wote. Kwa maneno mengine, ombi lako limekubaliwa. Nitakutazama nikilirudia, kama ulivyotaka.

Njoo moja kwa moja na mzigo wako. Mlango hauna kibao, fuata kelele. Nimekushikia nafasi kwenye benchi, na ninapata shida kuilinda. Njoo na bakuli, maana nyumba haitoi vyombo, wala usije mikono mitupu. Dalmazio anashikilia kwamba watu wa Torino hawajui jibini. Nimempinga mbele ya wote, kwa niaba yako.

Lichague kwa uangalifu.

Baba yako,
Ildebrando