Asiyesikia la Mkuu Huvunja Kikombe

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. U hali gani? Mgongo umepata nafuu? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi tu wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu.

Nakuandikia kuhusu mwanao, niliyempa chumba cha uani alipopata kazi huku.

Nilipostaafu uhariri, majirani walinikabidhi uongozi wa kundi letu la simu. Humo tunajadili maji, taka na ulinzi. Mwaka huu aliingia mtu anayejiita Msema Kweli. Picha hana, namba haijulikani. Hajengi hoja. Hutafuta kidonda, akakitonesha. Mimi aliniita Babu Nukta, kwa kuwa nasahihisha matangazo. Nikameza.

Hakuishia kwangu. Fundi cherehani wa kona aliandika, kwa tahajia yake ya kusuasua, kwamba pipa la taka lisiwekwe mlangoni pake. Akajibiwa: "Mama, nzi umeshawazoea, unaringia nini?" Watu wakacheka, hata wale ambao nguo zao ziko kwake. Alipolalamika, akaongezewa: "Asiyesikia la mkuu huvunja kikombe."

Niliisoma tena na tena. Dunia nzima husema huvunjika guu. Kikombe ni cha mama yetu, aliyeigeuza methali siku ulipomvunjia kile chake cha bluu, nawe ukawalea wanao kwa methali hiyohiyo. Mtaani hapa hakuna anayeijua ila mimi, wifi yako na mwanao.

Nilimwita. Hakukana.

"Mjomba, ule ni utani tu wa mtandaoni. Kwani nani amekufa?"

"Imekufa haya yako," nikamwambia.

Akacheka, akarudi kwenye simu yake. Na ndiye huyo anayeniamkia shikamoo kila asubuhi, kichwa ameinamisha.

Fundi ameshamwarifu mwenye nyumba kwamba anahama. Kwa kuwa hamjui aliyemtukana, anaona ametukanwa na mtaa mzima; hata salamu yangu huipokea akitazama chini. Nimemtaka mwanao aombe radhi kundini kwa jina lake. Anasema ataifuta ile namba ya Msema Kweli, yaishe. Nikimtaja mimi, hatapita tena mtaa huu, nasi tutaibeba aibu pamoja naye. Nikinyamaza, mama wa watu anaondoka akiamini hana jirani.

Wanasema ukubwa ni jalala. Nimekubali, ila taka hizi zimetoka uani kwangu.

Usinijibu kwamba mtoto hajui. Ana ndevu.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako na binti yetu mkubwa. Mola awape afya, na awape watoto wenu ulimi wa kuuguza, si wa kuchoma.

Nikishaamua nitakuandikia wewe kwanza, kabla ya kuandika neno kundini.

Kaka yako akupendaye, hata sasa.